Mashine nzima, Windows imeisha muda: navyochagua Linux ya nyumbani na ya seva, hatua kwa hatua

Tangu sapoti ya Windows 10 ifungwe tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloletewa kila wiki ni moja, fundi mashine yangu haikubali Windows 11, sasa ndo ninunue nyingine? Na mashine yenyewe ukiiangalia ni nzima kabisa, desktopu ya mtumba ya Core i5 kizazi cha 3 au cha 4, inawaka vizuri, haichemki, shida yake ni kwamba Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Kutupa mashine ya namna hiyo mimi roho inaniuma kweli. Basi nimeandika hapa jinsi ninavyochagua Linux, mfumo huria unaokaa badala ya Windows, wa kuipa maisha, iwe ya kutumia nyumbani au ya kugeuza seva (mashine inayohudumia mashine nyingine kwenye mtandao), kwa mpangilio uleule ninaoufata mezani.

Hatua ya 1: Muulize mtu kazi zake

Chukua karatasi, mwambie akutajie kila programu anayofungua ndani ya wiki, printa anayotumia, skana kama anayo, na nani mwingine anagusa hiyo mashine. Mama mmoja mwenye steshenari nilimfanyia hivi, orodha yake ikawa Word, Excel, PDF, kupokea faili kutoka kwenye simu za wateja, kuprinti, basi. Huyo LibreOffice (inayokaa badala ya Word na Excel) na Firefox zinamtosha na kubaki. Ila jirani yake ana programu ya mahesabu inayokubali Windows peke yake, na faili zake za Excel zimejaa makro, huyo nilimwambia ukweli, dada yangu hii ya kwako tuiache kwanza. Ukimbadilishia kwa nguvu atarudi baada ya siku mbili kazi zimelala, na haki anayo.

Hatua ya 2: Ijue mashine yenyewe

Vitu vitatu tu: RAM kiasi gani, diski ya aina gani, na prosesa ni ya 64-bit au 32-bit. RAM ikiwa GB 4 kwenda juu, Linux Mint inakaa vizuri. Ikiwa GB 2, nenda na Mint ya Xfce au Lubuntu, zote ni nyepesi, na usifungue tabu kumi na tano za brauza. Chini ya hapo weka antiX, Linux nyepesi zaidi. Mashine za 32-bit zimebaki chache na mlango unafungwa, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kiinstola cha 32-bit, kwahiyo hapo utumie Debian 12 au hiyo antiX.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa kila mteja: kama una hela kidogo ya matengenezo, toa diski ya kuzunguka weka SSD, hata ya GB 120. Ile OptiPlex 7010 ya zamani ya mama steshenari ilikuwa inachukua dakika nzima na zaidi kuwaka, baada ya SSD na kuongeza RAM kufika GB 8 mwenyewe alinyanyua macho akaniuliza, "mwanangu, ni ileile?"

Hatua ya 3: Chagua ukoo, jina litafuata

Hapa ndo watu wanapotea maana majina ni mengi mno, unasoma usiku kucha unatoka na kichwa kinauma. Ukweli ni kwamba hizi distro (aina za Linux) zina koo. Debian ndo babu, ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, haimilikiwi na kampuni, inaendeshwa na watu wa kujitolea. Ubuntu ilitokana na Debian mwaka 2004, iko chini ya kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth. Linux Mint ya kawaida imejengwa juu ya Ubuntu, kwahiyo ni mjukuu. Hao watatu amri zao ni zilezile, `apt` (amri ya kuinstoli programu) ni ileile, ukijifunza mmoja umejifunza wote. Upande wa pili kuna ukoo wa Red Hat, wenye Fedora, AlmaLinux na Rocky Linux, wao wanatumia `dnf`. Alafu kuna FreeBSD ambayo sio Linux kabisa, nzuri sana kwa seva ya kuhifadhi mafaili kwa sababu ya ZFS (mfumo wake wa kupanga mafaili kwenye diski), ila kama ndo unaanza, iweke pembeni kwanza.

Ushauri wangu, nyumba moja ukoo mmoja. Mint kwenye mashine za kutumia, Debian kwenye seva. Siku kitu kimeharibika saa tatu usiku hutaki kuanza kukumbuka hii inatumia amri gani.

Alafu angalia tarehe ya mwisho wa sapoti, na hii kwangu ina uzito kuliko uzuri wa skrini. Ubuntu LTS (toleo la sapoti ndefu) hutoka kila baada ya miaka miwili mwezi wa Aprili, inapata apdeti miaka 5. Mint 22 inakwenda mpaka Aprili 2029. Debian ukijumlisha na muda wa LTS inafika miaka 5 pia. Fedora ni nzuri na ina vitu vipya, ila kila toleo linaishi kama miezi 13 tu, maana yake kila mwaka unashusha mfumo mpya kwa bando lako. Arch ndo kabisa, apdeti zinatiririka kila siku, mwenye intaneti ya kupimiwa utaumia. Na tarehe zenyewe zinaweza kubadilika: CentOS 8, ya ukoo wa Red Hat, watu waliiwekea seva wakijua inafika 2029, Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho ni 31 Desemba 2021, na ndo hapo AlmaLinux na Rocky zikazaliwa. Ndo maana kwa seva napenda Debian, hakuna bosi mmoja wa kuamka asubuhi akabadilisha mpango.

Hatua ya 4: Shusha, hakiki, weka kwenye flashi

Mint ni kama GB 3, Ubuntu ya desktopu inakaribia GB 6, kiinstola kidogo cha Debian kinaitwa netinst, hakifiki GB 1 ila vingine itavuta wakati wa kuinstoli. Shusha kwenye tovuti yao wenyewe, usichukue kopi ya rafiki kwenye flashi. Ukimaliza piga amri ya `sha256sum` (inatoa alama ya pekee ya faili) kwenye faili, linganisha zile herufi na walizoandika wao, zikipishana hata moja faili limeharibika njiani, shusha tena. Najua inauma kurudia GB 3 lakini kuinstoli faili bovu kunauma zaidi. Kuandika kwenye flashi, ukiwa Windows tumia Rufus, au tumia Ventoy ambayo unatupia faili kadhaa kwenye flashi moja alafu unachagua wakati wa kuwasha.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kuinstoli

Washa mashine kwa flashi, Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9. Mint itawaka yote ikiwa kwenye flashi bila kugusa diski yako. Usikimbilie ile ikoni ya kuinstoli. Kaa nayo nusu saa. Unganisha Wi-Fi, cheza video usikilize sauti, kama ni laptopu ifunike ilale kisha ifunue uone kama inaamka, chomeka printa uprinti ukurasa mmoja. Printa nyingi za HP zinaongozwa na draiva ya HPLIP, na Epson nyingi za wino draiva zake zipo kwenye hazina ya ukoo huu. Kuna printa za leza za bei ndogo ambazo zinasumbua hasa, bora uligundue leo mashine ikiwa mezani kwako kuliko kesho mteja ana foleni ya watu wa kuprinti CV.

Wi-Fi ikikataa usikate tamaa. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, Linux itaiona kama waya wa ruta, hapo unashusha draiva inayokosekana. Hii imeniokoa mara nyingi sana.

Hatua ya 6: Bekapu, kisha instoli

Ukishanakili mafaili yako pembeni, chomoa kila diski isiyohusika. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuacha eksteno ya dada yangu imechomekwa, kwenye orodha ya diski nikachagua hiyo badala ya ya ndani, picha za harusi yake zikaenda. Hakuna aliyewahi kunilaumu lakini mimi nalikumbuka kila nikifika kwenye ile skrini. Soma ukubwa wa diski kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Kama unaacha Windows pembeni, zima Fast Startup huko Windows, na kama BitLocker (kufuli la diski la Windows) imewashwa hakikisha ile namba ndefu ya kurejesha unayo kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Ile ya seva

Kwa Debian kuna skrini mbili za kuwa makini. Ya kwanza inauliza pasiwedi ya root (msimamizi mkuu), iache tupu, hivyo mtumiaji wako wa kwanza anapewa `sudo` (ruhusa ya kufanya kazi za msimamizi) moja kwa moja. Ya pili ni ya kuchagua programu, toa tiki kwenye desktopu na GNOME, weka tiki kwenye SSH (ya kuiendesha seva ukiwa mashine nyingine) na zile zana za kawaida. Seva haihitaji picha, ikikaa hivyo RAM inayotumika haifiki hata MB 300, yote inayobaki ni ya kazi yako.

Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) utafute kipengele cha umeme kurudi, kwenye Dell kinaitwa AC Recovery, kwenye HP ni After Power Loss, kiweke mashine iwake yenyewe. Bila hivyo umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, seva yako inalala mpaka mtu aje kubonyeza. UPS nayo nunua, hata ndogo, na uinstoli NUT, programu inayoongea na UPS, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime vizuri yenyewe.

Baada ya hapo:

`sudo apt install unattended-upgrades ufw apt-cacher-ng`

Ya kwanza inaweka apdeti za usalama yenyewe. Ufw ni ukuta, kabla ya kuiwasha ruhusu SSH na mlango 3142 (wa apt-cacher-ng) la sivyo utajifungia nje. Hiyo ya tatu ndo ninayoipenda kuliko zote na wengi hawaijui: inatunza kila pakiti iliyoshushwa, mashine ya pili yenye mfumo uleule ikihitaji inapewa kutoka kwenye seva bila kugusa bando. Kwenye kila mashine ya Mint tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` uandike mstari huu, ukibadilisha namba iwe ya seva yako:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Pale steshenari kuna mashine tatu za Mint sahivi. Ya kwanza inashusha, mbili zinapokea hapo hapo ndani.

Hatua ya 8: Bandika tarehe

Kata kipande cha tepu ya karatasi, andika jina la mfumo na mwisho wa sapoti, bandika pembeni ya mashine anapoona mtumiaji. Kwenye ile OptiPlex imeandikwa kwa maka peni nyeusi: Mint 22, mwisho Aprili 2029, mpigie fundi mwezi wa pili.