Kuhifadhi tarakimu mia za pai kwa mizani ya shairi

Hesabu silabi za majina ya tarakimu zetu: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa. Zote tisa zina silabi mbili mbili. Sifuri peke yake ndiyo yenye tatu. Ukipanga tarakimu nne umepata mizani nane, yaani kipande kimoja cha shairi. Ukipanga nane umepata mshororo kamili wa mizani kumi na sita, ule ule unaoghaniwa Unguja na Pemba tangu enzi za mababu. Mishororo minne ni ubeti, na ubeti mmoja hubeba tarakimu 32.

Sasa itazame pai, ile namba ya 3.14 ya hesabu za duara. Tarakimu zake 32 za mwanzo, ukiihesabu na ile 3 iliyo kabla ya nukta, hazina sifuri hata moja. Sifuri ya kwanza ni tarakimu ya 33, mlangoni kabisa mwa ubeti wa pili. Kwa hivyo ubeti wa kwanza wa pai, ukiutamka kwa Kiswahili, umetimia mizani kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, bila ya mtu kuupunguza wala kuuongeza. Mimi nasomesha hisabati hapa Wete na mashairi nayapenda, na kila ninapouandika ubeti huu ubaoni bado unanisisimua.

Mwongozo huu ni wa kuhifadhi tarakimu 100 baada ya nukta kwa njia hiyo. Huhitaji simu wala programu. Karatasi, kalamu na sauti yako vinatosha.

Hatua ya 1: Ishike pai kwa mkono

Usihifadhi kitu usichokijua. Chukua sinia la duara na futi ya fundi cherehani. Pima kipenyo, kutoka ukingo hadi ukingo kwa kupita katikati, kisha zungusha futi ukingoni upate mzingo. Gawa mzingo kwa kipenyo. Sinia lenye kipenyo cha sentimita 60 litakupa mzingo wa sentimita 188 na nusu hivi, na jibu litakuwa 3.14. Rudia kwa mfuniko wa sufuria na kwa gurudumu la baiskeli. Kipimo kitabadilika, jibu halitabadilika.

Skuli tunatumia 22/7, na kwa mtihani inafaa. Lakini 22 ukiigawa kwa 7 unapata 3.142857, kisha hizo 142857 zinajirudia bila ya kikomo. Pai haifanyi hivyo. Mwaka 1761 Johann Lambert alithibitisha kuwa pai haiwezi kuandikwa kama namba nzima moja juu ya nyingine, na kwa sababu hiyo tarakimu zake haziishi wala haziingii katika mzunguko wa kujirudia. Ni shairi lisilo na kiitikio. Sinia unaloandalia chakula linabeba namba ambayo hakuna binadamu atakayeimaliza kuisoma, na hilo ndilo lililonivuta mimi kuanza kuihifadhi.

Hatua ya 2: Andika ubeti wa kwanza kwa maneno

Usiandike kwa tarakimu. Andika kwa maneno, kila mshororo uwe na ukwapi (kipande cha kwanza) na utao (kipande cha pili), na mkato katikati:

Tatu moja nne moja, tano tisa mbili sita
Tano tatu tano nane, tisa saba tisa tatu
Mbili tatu nane nne, sita mbili sita nne
Tatu tatu nane tatu, mbili saba tisa tano

Vina havikubaliani, kwa hivyo malenga mkali ataliita guni. Hewala. Mizani ndiyo tunayoitaka, nayo ni timamu.

Hatua ya 3: Ghani, usisome

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na wengi huipita mbio. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili hushika kwa muda mfupi vitu saba hivi kwa pamoja, ukizidisha au kupunguza viwili. Tarakimu 32 zikija moja moja zinamwagika. Zikija kwa vipande vinane vyenye mdundo mmoja, unachoshika ni vipande vinane tu, na kila kipande kinamvuta mwenzake.

Chagua mahadhi ya shairi unayoyajua tangu utotoni, yawe ya harusini au ya skuli, na usiyabadilishe tena. Sauti ya kisomo cha Kurani iache mahali pake, ina adabu yake. Vuta pumzi kwenye mkato na mwisho wa mshororo, pengine popote usivute. Anza na mshororo mmoja, ukikaa vizuri mdomoni ndio uongeze wa pili, kisha ghani yote miwili pamoja kabla hujagusa wa tatu.

Masikio yatakusaliti mahali pawili. Sita na tisa zina sauti zile zile zilizopinduliwa, na mtu akiwa na haraka moja humeza nyingine. Nne nayo ukiibana mpaka ikawa silabi moja, mshororo unapwaya na nane iliyo jirani inaingia mahali pake. Itamke n-ne kwa mapigo mawili kamili. Mshororo wa tatu una nane na nne zimefuatana, basi ughani polepole zaidi ya mingine.

Hatua ya 4: Tafuta umbo ndani ya mshororo

Ukishaghani, tazama maneno yamejipangaje. Mshororo wa pili una umbo moja pande zote mbili: neno la kwanza linarudi kuwa la tatu. Tano tatu tano, tisa saba tisa. Utao wa mshororo wa tatu unafanya vile vile, sita mbili sita, na vipande vyake vyote viwili vinaishia nne. Ukwapi wa mshororo wa nne ni tatu tupu, isipokuwa nane iliyojipenyeza. Unaobaki mgumu ni utao wa mwisho, mbili saba tisa tano, kwani hauna umbo lolote la kushikia. Huo ghani peke yake mara nyingi zaidi.

Wanafunzi wangu hushika haraka zaidi nikiwaambia nani alifika wapi. Zu Chongzhi, mwanahisabati wa China wa karne ya 5, aliibana pai kati ya 3.1415926 na 3.1415927. Hapo amefika mwisho wa mshororo wa kwanza, neno la nane, sita. Wahandisi wa maabara ya JPL ya NASA, wanaoongoza vyombo baina ya sayari, hutumia 3.141592653589793, ambayo ni mishororo miwili kamili, haizidi neno wala haipungui. Al-Kashi wa Samarkand, mwaka 1424, alipata tarakimu 16 baada ya nukta kwa hesabu ya mkono, akaivuka mishororo hiyo miwili kwa neno moja: mbili. Ludolph van Ceulen, aliyefariki Leiden mwaka 1610, alifika tarakimu 35 baada ya nukta, na zikachongwa kwenye kaburi lake. Huo ni ubeti wa kwanza wote pamoja na ukwapi wa kwanza wa ubeti unaofuata. Kijana akimaliza ubeti huu mmoja amempita al-Kashi kwa mshororo na zaidi, na nafurahi kumwambia hivyo kila mara.

Hatua ya 5: Ubeti wa pili, na sifuri

Sifuri mbili nane nane, nne moja tisa saba
Moja sita tisa tatu, tisa tisa tatu saba
Tano moja sifuri tano, nane mbili sifuri tisa
Saba nne tisa nne, nne tano tisa mbili

Sifuri ina silabi tatu, kwa hivyo kila inapotokea mizani inazidi moja. Utashawishika kusema ziro, kama wengi wasemavyo wakitaja namba ya simu, ili mshororo ukae sawa. Ushauri wangu ni kuiacha sifuri kamili. Ile silabi ya ziada inakuwa alama: sikio linahisi mshororo umefura, na ukiisahau sifuri mshororo unapungua mizani tatu na utajua kuna kitu kimepotea. Katika mshororo wa tatu sifuri ni neno la tatu pande zote mbili, basi mizani inakuwa tisa kwa tisa na mlingano unarudi.

Mishororo miwili ya kwanza inatupa kina cha kweli cha mwisho, saba kwa saba. Mshororo wa nne una nne na nne nyingine zilizokutana kwenye mkato, na anayeghani bila kuvuta pumzi hapo humeza moja.

Hatua ya 6: Ubeti wa tatu na mshororo wa ziada

Tatu sifuri saba nane, moja sita nne sifuri
Sita mbili nane sita, mbili sifuri nane tisa
Tisa nane sita mbili, nane sifuri tatu nne
Nane mbili tano tatu, nne mbili moja moja

Mshororo wa pili unaishia tisa na wa tatu unaanza na tisa, kama washairi wafanyavyo katika pindu. Hilo litakuvusha. Lakini mishororo hiyo hiyo miwili ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko yote katika tarakimu mia za mwanzo: nane sita mbili inatokea mara mbili, mara moja ikifuatwa na sifuri, mara ya pili na nane. Anayehifadhi kwa tarakimu tupu huruka kutoka ya kwanza kwenda ya pili na kuacha maneno kati bila kujua. Anayeghani amelindwa, kwa sababu pumzi haiko mahali pamoja. Katika mshororo wa pili mkato unakata baina ya sita na mbili: nane sita, pumzi, mbili sifuri. Katika wa tatu maneno yote matatu yamo ndani ya ukwapi na pumzi inakuja baada yake. Ukipotea hapa, usitafute namba, tafuta pumzi.

Mpaka hapo una tarakimu 95 baada ya nukta. Tano zilizobaki zinaingia mshororo wa kwanza wa ubeti wa nne, ambao naona ni vibaya kuukata njiani, basi uhifadhi mzima, na utao ukupeleke tarakimu tatu mbele ya mia:

Saba sifuri sita saba, tisa nane mbili moja

Hatua ya 7: Durusu kwa mpango

Aliyesoma chuoni, yaani madrasa, anajua: funzo jipya halipokewi mpaka la jana lisikilizwe. Hapa ni hivyo hivyo. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kusahau huenda kasi siku za mwanzo kisha kunapungua mwendo, kwa hivyo marudio yawe ya karibu karibu mwanzoni, halafu yaachane. Ubeti mpya udurusu jioni ile ile, kesho yake, siku ya tatu, wiki ikiisha, na mwezi ukiisha. Wiki moja kwa ubeti ni mwendo wa kutosha kwa mtu mwenye shughuli zake. Udurusu ukisubiri boti Mkoani, au ndani ya daladala, midomo ikicheza taratibu.

Kisha tafuta wa kusikilizana naye. Yeye ashike karatasi, wewe ughani, naye akusimamishe papo hapo ukikosea neno, asingoje mwisho wa ubeti. Mkizoea, akuanzishie katikati: "Ubeti wa pili, mshororo wa nne." Ukiweza kuanzia popote, umehifadhi. Ukilazimika kurudi kwenye tatu moja nne kila mara, bado.

Ukitaka kuendelea mbele, linganisha nakala yako na vyanzo viwili kabla hujaanza kuhifadhi. William Shanks wa Uingereza alitoa tarakimu 707 mwaka 1873, na watu wakaziamini mpaka miaka ya 1940 ilipogundulika kuwa kuanzia ya 528 zina kosa. Kilichohifadhiwa vibaya kukifuta ni kazi kuliko kukihifadhi upya.

Wapo waliokwenda mbali sana. Rajveer Meena wa India alitaja tarakimu 70,000 tarehe 21 Machi 2015, macho yamefungwa kitambaa, kwa karibu saa kumi. Akira Haraguchi wa Japani alitaja 100,000 mwaka 2006 kwa kugeuza tarakimu kuwa silabi za Kijapani na silabi kuwa hadithi. Yeye alitumia kilichomo katika lugha yake, nasi tunacho cha kwetu.

Kwa atakayevuka mia, lengo ninalolipendekeza ni ubeti wa 24. Kuanzia tarakimu ya 762 baada ya nukta pai ina tarakimu 9 mara sita mfululizo, mahali panapojulikana kwa jina la mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman. Ukipanga kwa beti za tarakimu 32 kama tulivyofanya, tisa hizo sita zinaangukia mwisho kabisa wa ubeti wa 24, kwenye mshororo wa nne, mizani kumi na sita timilifu:

Tatu nne tisa tisa, tisa tisa tisa tisa

Ubeti wa 25 unafungua kwa nane tatu saba mbili, tisa saba nane sifuri.