Somo: Dari ya jikoni, namna ya kuijenga na vya kuweka humo

Bibi yangu alisema dari ni chumba cha pili kisicholipiwa kiwanja. Darini mwake mlikaa mbegu, nyungo, kuni za masika na, mwaka mmoja, kuku aliyekataa kuatamia mahali pengine.

1. Nguzo. Ukuta wa udongo usiubebeshe mzigo. Magunia kumi ya mahindi ni karibu tani moja, tena juu ya vichwa vya waliokaa mekoni. Simamisha nguzo zilizochimbiwa chini, laza mihimili, kisha fito au mianzi, ukiacha mianya ya upana wa kidole moshi upite.

2. Kimo. Mtu asimame bila kuinama, na mwali usifikie fito hata kuni zikiwaka sana. Moto ukikolea, panda uweke kiganja juu ya fito. Kikishindwa kuvumilia, mbegu nazo zitakufa viini.

3. Kagua miti. Hapa wengi hukosea. Moshi humsumbua fukusi, mdudu mdogo atoboaye nafaka, lakini mwenzake dumuzi, yule wakulima waliyembatiza Scania, hutoboa hata mbao. Asili yake Amerika ya Kati. Huku kwetu alijulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dari kuukuu ni maficho yake. Ukiona unga laini unadondoka chini ya fito, ing'oe uichome kabla ya kupandisha mavuno mapya.

Dumuzi hupenda hasa mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa hiyo siku hizi chakula cha mwaka sikiweki darini. Napandisha yaliyovunwa na unyevu, yakikauka nayashusha, napukuchua, natia kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Kupima ni rahisi: chupa kavu, chumvi kavu, mahindi mkono mmoja, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado.

4. Vya kubaki juu: mbegu, kuni, nyungo. Uchagani ndizi za mbege, pombe yao ya kienyeji, huivishwa darini, moshi huziharakisha.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nimejenga jiko banifu lenye bomba la moshi, sasa mahindi yanabunguliwa. Nitoe bomba?
– Marahaba mwanangu, usilitoe. Moshi uliolinda mahindi ndio huohuo uliokuwa ukiingia vifuani mwa mama na watoto. Yaanike juani, kisha tumia magunia niliyotaja. Dari iwe ya vyombo.

Kaka, nimevisha nguzo zote kofia za bati, panya bado wanapanda!
– Kofia hufaa kihenge kilichosimama peke yake uani. Dari imegusana na ukuta, na lile boriti la juu halikuitwa mtambaapanya bure. Ziba matundu, fuga paka.

Mimi niko mjini, dari yangu ni ya jipsamu. Naweza kuweka masanduku juu?
– Dada, jipsamu hujibeba yenyewe tu; ukiikanyaga utatokea sebuleni. Muulize fundi aliyepaua kama kenchi, zile fremu zinazobeba paa, zinahimili, ndipo utandike mbao kutoka kenchi hadi kenchi. Chini ya bati mchana ni tanuri, hivyo dawa na mbegu zisikae huko. Begi la masweta, sawa. Jenereta, hapana.