Kadi ya mwaliko kwa mchungaji wa Anglikana
Mnaoandaa kadi za harusi hapa Mwanza, kasisi wa Anglikana muanzie na Mchungaji halafu cheo kingine ndo kifuate, yaani Mchungaji Kanoni fulani, sio Kanoni peke yake, mi juzi nimerudi steshenari kuchapa upya. Askofu ukimsalimia sema tu Baba Askofu, inatosha kabisa. Mchungaji inakubali huku sababu Kanisa letu lililelewa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza), ila mgeni akitokea Masasi au Zanzibar, kulikokuwa na UMCA zamani (Universities' Mission to Central Africa, shirika lingine la wamisionari wa Kianglikana), wao wamezoea Padri, so muulize kwanza. Na Mama Mchungaji ni mke wa mchungaji jamani, mchungaji akiwa mwanamke andika Mchungaji basi.