Jinsi ya kukadiria ushindi wa timu za MLB kabla msimu haujaanza

Katika MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, anza na mikimbio, zile pointi ambazo mchezaji hupata akizunguka vituo vyote na kurudi kwenye kituo cha nyumbani. Msimamo wa ligi wa mwaka jana uweke pembeni kwanza. Timu yaweza kushinda mechi nyingi kwa tofauti ya mkimbio mmoja tu na kuonekana kali, huku kwa jumla imefungwa mikimbio mingi kuliko iliyofunga. Bahati ya namna hiyo haihamii msimu unaofuata.

Fungua jedwali la Excel, timu 30 kila moja kwenye mstari wake, uandike mikimbio waliyofunga na waliyofungwa. Kanuni ya kugeuza mikimbio kuwa ushindi aliibuni Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, kwa kipeo cha 2. Leo wengi hutumia 1.83 kwa kuwa inakaribia zaidi matokeo halisi. Inua mikimbio ya kufunga kwa kipeo hicho, kisha gawanya kwa jumla ya mikimbio ya kufunga na ya kufungwa, zote zikiwa zimeinuliwa vivyo hivyo. Zidisha jibu kwa mechi 162.

Chukua msimu wa 2023. San Diego Padres walifunga 752 na kufungwa 648, wakamaliza na ushindi 82 tu. Kanuni inawapa 92. Tofauti hiyo ilitoka kwenye mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja: walishinda 9 na kupoteza 23. Miami Marlins walikuwa kinyume chao. Walifunga 666, wakafungwa 723, lakini walishinda mechi 84 kwa sababu zile za mkimbio mmoja walizibeba 33 kwa 14. Kanuni inawapa 75. Mwaka 2024 Padres walishinda 93, Marlins 62.

Tarakimu inayotoka kwenye kanuni usiitumie kavu. Ivute karibu theluthi moja kuelekea 81, ambayo ni nusu ya msimu, kwa sababu timu iliyofanya vizuri sana kwa kawaida ilisaidiwa na mambo yasiyojirudia: wachezaji wengi kuwa wazima kwa pamoja, au mtu kucheza kuliko uwezo wake. Padres wanashuka kutoka 92 hadi 88, Marlins wanapanda kutoka 75 hadi 77. Hicho ndicho kianzio chako. Kwa Marlins kilikosea kwa mechi 15, na sababu yake ni ya kujifunza: mrushaji wao (anayemrushia mpigaji mpira) Sandy Alcántara alikosa msimu mzima wa 2024 baada ya upasuaji wa kiwiko, mrushaji mwenzake Eury Pérez naye akapasuliwa mwanzoni mwa msimu, halafu mpigaji Luis Arraez akahamishwa mwezi Mei, tena kwenda kwa Padres haohao. Kanuni ya mikimbio haiwaoni wachezaji. Kazi ya kuwaona ni yako.

Kumkadiria mchezaji mmoja

Njia rahisi inayoheshimika ni ile ya mchambuzi wa takwimu Tom Tango iitwayo Marcel. Kwa mpigaji, msimu uliopita upe uzito wa 5, wa kabla yake 4, na wa nyuma zaidi 3. Ongeza zamu 1,200 za kupiga za mchezaji wa wastani wa ligi, kisha rekebisha umri.

Tuseme mpigaji atakuwa na miaka 33 msimu ujao. Miaka mitatu iliyopita alifika kwenye kituo kwa kiwango cha 0.370, 0.340 na 0.330, tukianza na mwaka wa karibuni, kila mwaka akiwa na zamu 600. Ukipima kwa 5, 4 na 3 unapata 0.350. Zamu zake nazo zikizidishwa kwa uzito huohuo zinakuwa 7,200; ukizichanganya na zile 1,200 za wastani wa ligi, tuseme 0.315, anashuka hadi 0.345. Kila mwaka juu ya 29 unamkata asilimia 0.3, kwa hiyo miaka minne inamfikisha 0.341. Shabiki wake atakuletea ile 0.370 ya mwaka jana. Kaa na 0.341.

Kuwajumlisha wachezaji wote, kipimo chepesi ni WAR: ushindi ambao mchezaji anaongeza kuliko mtu wa kuchukuliwa tu kutoka ligi ndogo. Timu iliyojaa watu wa aina hiyo ingeshinda kama mechi 48. Kwa hiyo wapigaji wako wakikupa 20 na warushaji 15, timu inakadiriwa kushinda 83.

Muda wa kucheza ndio unaoharibu makadirio

Hapa tumia muda wako mwingi. Ubora wa mchezaji ukikosea kidogo, hasara ni ndogo. Ukimpa zamu 650 mtu atakayecheza nusu msimu, umeongeza ushindi mbili au tatu zisizokuwepo.

Timu moja hupata zamu za kupiga zipatazo 6,100 kwa msimu, karibu 680 kwa kila moja ya nafasi tisa za orodha ya upigaji. Andika nafasi moja moja na ugawe hizo 680 mpaka ziishe. Mpigaji aliyepata zamu 480 mwaka jana na 530 mwaka juzi, Marcel humpa nusu ya 480, sehemu ya kumi ya 530, na 200 juu yake: 493. Zilizobaki, karibu 190, zina mwenyewe, na mara nyingi ni mchezaji wa akiba. Mtafute jina, mpe namba yake.

Kwa warushaji, gawa iningi (vipindi vya mechi, kwa kawaida tisa) 1,440 hivi. Wanaoanza mechi siku hizi hutupa wastani wa iningi tano na kidogo, yaani kama 850 kwa msimu. Kosa la kawaida ni kuchukua warushaji watano bora na kuwapa 170 kila mmoja. Hesabu inatimia vizuri kwenye karatasi, na karibu hakuna timu inayoishi hivyo. Wagawie watu wanane hadi kumi. Yule wa sita na wa saba mara nyingi ndio wanaotenganisha timu ya ushindi 90 na ya 84. Anayerudi kutoka upasuaji wa Tommy John, ule wa kano ya kiwiko, hukaa nje miezi 12 hadi 18; usimhesabie tangu siku ya kwanza kwa sababu tu kocha amesema anaendelea vizuri.

Uwanja nao uuangalie, hasa kwa mchezaji aliyehama. Coors Field ya Denver iko juu sana kutoka usawa wa bahari, mpira unaruka mbali, na takwimu za kupiga za pale huvimba.

Kukagua jumla

Ukimaliza timu zote, jumlisha ushindi. Lazima iwe 2,430, kwa kuwa kila mechi ina mshindi mmoja. WAR ya ligi nzima huwa karibu 1,000. Ukipata 1,120 umewapendelea wote kwa wastani wa ushindi 4, na chanzo karibu kila mara ni zamu ulizowapa nyota bila kuwakumbuka wa akiba. Wapunguze kwa uwiano.

Ratiba huongeza au kupunguza kidogo. Kila timu hucheza mara 13 na kila mpinzani wa divisheni yake, yaani kundi lake la timu tano, mechi 52 kwa jumla. Timu inayoshinda kwa kiwango cha 0.580 ya mechi zake ikikutana na ya 0.450, nafasi yake ya kushinda ni 0.628: toa zao la viwango viwili kwenye kiwango cha kwanza, gawanya kwa jumla ya viwango ukiondoa zao hilo mara mbili. Mwenyeji mwongezee kidogo. Hushinda kama mechi 53 au 54 kati ya 100.

Kutoka namba moja hadi uwezekano

Hata ungejua uwezo wa timu bila shaka yoyote, bahati peke yake huyumbisha ushindi kwa takriban 6.4 juu au chini katika misimu miwili kati ya mitatu. Na hauujui uwezo huo kikamilifu: ongeza kosa la kama 6 upande wako. Inua kila moja kwa kipeo cha 2, zijumlishe, kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata karibu 9. Kwa hiyo timu ya 88 iandike kati ya 79 na 97.

Ukicheza msimu mara 10,000 kwenye kompyuta ili upate nafasi ya kuingia mtoano (timu 12, sita kutoka kila moja ya ligi mbili za MLB, tangu 2022), kabla ya kila msimu badilisha kwanza uwezo wa kila timu kwa lile kosa la 6, ndipo uchezeshe mechi. Wengi huiruka hatua hii na kuishia kuipa timu nafasi ya asilimia 97 mwezi Machi.

Hifadhi jedwali kabla ya mechi ya kwanza na usiliguse. Oktoba, pima kosa la kila timu, liinue kwa kipeo cha 2, tafuta wastani, kisha kipeuo chake cha pili. Fanya hivyo pia kwa kianzio cha mikimbio, na kwa jedwali linaloipa kila timu ushindi 81. Kama kianzio kimekushinda, rudi kwenye muda wa kucheza, nafasi moja baada ya nyingine, uone zamu ulimpa nani.