Kukuza mwani wa chembe moja kwa ajili ya vifaranga vya kamba, chaza na samaki: ninavyofanya hapa Mombasa

Ukimwambia mtu wa pwani kwamba wewe ni mkulima wa mwani, mawazo yake yanakimbilia Kibuyuni, kijiji cha wakulima wa mwani kule Kwale: vigingi, nyuzi, na akina mama wamejifunga kanga kiunoni maji yakiwa yamekupwa. Mwani wangu hauna jani wala shina. Seli moja ya Nannochloropsis, mojawapo ya aina ninazokuza, ina upana wa maikroni 2 hadi 4 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo ninachokiona chumbani ni rangi tu ndani ya dumu. Siku moja mtoto wa jirani alichungulia dirishani akaniomba juisi ya ukwaju. Ilikuwa Chaetoceros, aina nyingine ya mwani wangu.

Anayetotoa kamba, chaza au samaki wa bahari hana njia ya kuukwepa mwani huu. Kifaranga cha kamba kikishamaliza kiini chake kinaingia hatua ya zoea, na mdomo wake hapo haumezi kitu kikubwa kuliko seli hizi. Chaza anaula tangu mdomo unapofunguka hadi uzeeni. Vifaranga wa samaki wengi wa bahari, mwatiko akiwemo, huanza na rotifa, vijidudu vidogo sana vya majini, na rotifa ni kama mkoba: thamani yake ni kile ulichokitia ndani. Ukimlisha hamira peke yake, utampa samaki mkoba mtupu. Mafuta ya DHA na EPA, ya jamii ya omega-3, ambayo vifaranga hawa hawawezi kujitengenezea ya kuwatosha, yanatoka kwenye mwani.

Nitakueleza kazi ilivyo mezani kwangu. Wengi wanaonipigia simu huuliza mbolea, na mbolea ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Mwani unauawa na ndoo chafu.

Hatua ya 1: Chagua aina kwa kumtazama anayekula

Nannochloropsis ni ya rotifa. Ina EPA nyingi, ni ngumu, inasamehe makosa, na mwanafunzi aanze nayo. Usimlishe chaza mchanga, kwa sababu ukuta wa seli hii ni mgumu na tumbo la chaza huyo halimudu kuuvunja. Isochrysis, ile iliyotolewa Tahiti, ndiyo yenye DHA. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyotiwa ndimu, na kwa kuwa asili yake ni maji ya moto inavumilia joto letu. Chaetoceros ni ya kamba. Hii hujijengea gamba la silika, kwa hiyo usipompa silikati hakui. Tetraselmis ni kubwa, ina mikia na huogelea; kome na chaza waliokomaa kidogo wanaipenda.

Kwa chaza changanya Isochrysis na Chaetoceros. Moja ina DHA, nyingine EPA, na zikiliwa pamoja matokeo yanaonekana kwenye ukubwa wa gamba.

Mbegu safi iombe kwenye maabara ya utafiti au kituo cha kutotoa vifaranga. Usichote maji ya kijani baharini ukayaita mbegu. Humo mna kila kitu, pamoja na wadudu wanaokula hicho unachotaka kukuza.

Hatua ya 2: Maji

Mimi huchota bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, upande wa bahari kuu. Sichoti ndani ya hori. Hori la Tudor linapokea mto Kombeni na maji taka ya mtaani, na masika yakikolea chumvi yake hushuka na tope hupanda. Wakati wa kaskazi maji ya nje huwa safi kiasi cha kukushawishi uruke kuyasafisha. Usishawishike.

Maji ya bahari yetu yana chumvi kama 35 kwa elfu. Mwani huu unakua vizuri zaidi chini ya hapo, kwa hiyo kwenye dumu la lita 20 natia lita 16 za bahari na 4 za maji baridi, napata 28. Pima kwa refraktometa, usionje. Hayo maji baridi yawe ya mvua au ya kunywa. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi yake mwenyewe na mambo mengine usiyoyajua.

Chuja kwanza kwa soksi ya kitambaa, kisha kichujio cha maikroni 5, kisha cha 1. Halafu ua kwa klorini. Dawa ya kufulia nguo nyeupe ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni, mililita 12 kwa lita 20. Koroga, funika, zima pampu ya hewa, acha usiku kucha. Asubuhi tia gramu 3 za thaiosalfeti ya sodiamu iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, fungulia hewa saa 2, kisha pima kwa matone ya kupimia bwawa la kuogelea. Maji yakigeuka manjano au waridi hata kidogo, kutegemea matone uliyonayo, klorini bado ipo. Ongeza thaiosalfeti kidogo, upime tena. Mwani ukiutia kwenye klorini hauugui, unakufa ukiwa unautazama.

Kwa chupa ndogo za mbegu siamini klorini. Natumia sufuria ya presha, dakika 20 tangu inapoanza kupiga mluzi, chupa zikiwa zimezibwa kwa pamba na karatasi ya foili. Ziache zipoe humo humo. Ukifungua kwa pupa pamba italowa, na pamba iliyolowa ni mlango wa bakteria.

Hatua ya 3: Chakula cha mwani

Karibu dunia nzima inatumia mchanganyiko wa mwanasayansi Guillard, unaoitwa f/2. Tengeneza chupa za akiba, kila moja lita 1 ya maji yaliyotoneshwa:

Nitrati ya sodiamu gramu 75.
Fosfeti ya sodiamu gramu 5.
Silikati ya sodiamu gramu 30, kwa ajili ya Chaetoceros tu.
Madini madogo: chuma, manganizi, zinki, kobalti, shaba na molibdenamu, pamoja na EDTA ya kuyashika yasizame. Haya nunua yaliyochanganywa tayari. Kupima miligramu za kobalti kwa mizani ya duka la dhahabu ni kujitafutia balaa.
Vitamini: B1, B12 na biotini. Weka kwenye friji, mbali na mwanga.

Kila lita ya maji ya mwani inakula mililita 1 kutoka kila chupa. Vitamini zitie mwisho, maji yakiwa yamepoa, maana moto unaziharibu.

Matangi makubwa ya nje hayahitaji anasa hii. Kwa tani 1 ya maji natia salfeti ya amonia gramu 100, supafosfeti gramu 15 na yurea gramu 5, vitu vya duka la pembejeo. Lakini mbolea ya shamba isifike kwenye chumba cha mbegu.

Hatua ya 4: Kumtunza mama

Bibi zetu walioweka maziwa ya mtindi walijua jambo hili: kila siku unabakisha kidogo cha kuanzia kesho, na hicho kidogo hakiliwi hata mgeni akija. Mbegu ya mwani ni hivyo hivyo. Mimi naiita mama, nayo hukaa kwenye chupa za mililita 250, mbili kwa kila aina, zisikae rafu moja.

Shida ya Mombasa ni joto. Mama anapenda nyuzi 18 hadi 24, na mwezi wa Machi chumba changu kinafika 32. Kiyoyozi kilikuwa kinanila pesa, hadi nilipopata friji kuukuu ya kioo, zile za kuuzia soda, nikabadilisha kidhibiti joto ikashika nyuzi 20, nikafunga taa moja ya LED ndani. Mwanga hafifu, bila pampu ya hewa, unazitikisa tu kwa mkono asubuhi na jioni. Stima ikipotea, mlango ukifungwa, ubaridi unadumu saa kadhaa.

Kila wiki 2 hamishia mililita 25 kwenye chupa mpya yenye mililita 225 za maji safi yaliyotiwa mbolea. Osha mikono, pangusa meza kwa spiriti, washa taa ya spiriti, pitisha mdomo wa chupa kwenye moto, mimina, pitisha tena, ziba. Feni izimwe. Usizungumze. Najua inachekesha, lakini mate yana bakteria wengi mno.

Hatua ya 5: Kupandisha ngazi

Kutoka 250 nenda chupa ya lita 2, kutoka hapo dumu angavu la lita 20, lile la maji ya kunywa, halafu mifuko au mapipa ya lita 200. Kila ngazi mbegu iwe sehemu 1 kwa 10. Ukiruka ngazi, mwani mchache kwenye maji mengi unachelewa kuamka, na bakteria hawachelewi.

Kuanzia lita 2 tia hewa, mpira ufike chini kabisa, hewa ipite kwenye kichujio cha pamba. Hewa inaleta kaboni dioksaidi na kuzuia seli zisilale chini. Mwani ukishamiri unakula kaboni hiyo hadi pH inapanda. Ikipita 9 unasimama kukua hata kama mbolea ipo. Ongeza hewa kabla hujaongeza kingine chochote.

Taa: za LED nyeupe, saa 16 kwa siku au zaidi. Chupa ndogo hutosheka na lux 1,000, dumu linataka 5,000 hadi 10,000. Jua la moja kwa moja lisipige dumu, litapikika.

Hapa niseme kilichonipata. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mapipa manne ya Nannochloropsis, kijani cha mchicha uliosagwa. Jumatatu nilitoka chumba cha rotifa, nikakosa bakuli, nikachota mwani kwa lile lile nililotoka nalo, baada ya kulisuuza bombani. Jumatano pipa la kwanza likapauka. Nikadhani mbolea, nikaongeza. Alhamisi asubuhi maji yalikuwa kama yaliyooshewa mchele. Nikatia tone chini ya hadubini: rotifa wanazunguka, matumbo ya kijani, wamenenepa, mayai yamening'inia mkiani. Walikuwa wamekula jasho langu la mwezi kwa siku tatu. Kufikia Jumamosi mapipa yote manne yalikuwa hivyo, kwa sababu yalitumia mpira mmoja wa hewa.

Tangu hapo vyombo vya mwani ni vya rangi ya bluu, vya rotifa vyekundu, na asubuhi naanza chumba cha mwani. Nikishaingia kwa rotifa sirudi kule hadi kesho yake.

Hatua ya 6: Kuhesabu na kujua siku ya kuvuna

Jicho linadanganya. Kijani kilichokolea sana mara nyingi ni mwani mzee, uliosimama kukua na kuanza kuvuja uchafu. Vuna ungali unapanda.

Nunua kioo cha kuhesabia chembe za damu, vifaa vya hospitali wanavyo. Mwani unaoogelea utulize kwa tone la iodini. Mraba wa katikati umegawanywa vijiraba 25. Jumla ya vyote ukizidisha kwa 10,000 ndiyo idadi ya seli kwa mililita. Nannochloropsis ni wengi mno, kwa hiyo punguza kwanza kwa sehemu 1 kwa 10 na uhesabu vijiraba 5 tu. Juzi nilipata 64: mara 5, mara 10,000, mara 10, jawabu milioni 32. Hao ni wa kuvuna. Isochrysis naivuna ikifika milioni 5 hivi au zaidi, Chaetoceros milioni 2 na kuendelea.

Andika kila siku. Idadi ikipanda siku tatu kisha ikaanza kuzubaa, siku yako ya kuvuna ilikuwa jana. Kwenye mapipa navuna theluthi moja na kujaza maji mapya yenye mbolea. Pipa linanipa hivyo wiki mbili au tatu, halafu namwaga lote na kuosha, hata kama bado linapendeza.

Povu lisilovunjika, harufu ya yai, mabonge yanayozama, kitu chochote kinachokimbia chini ya hadubini: mwaga. Usijaribu kutibu.

Hatua ya 7: Kulisha

Hesabu ni moja. Zidisha lita za tangi la vifaranga kwa seli unazotaka kwa mililita, gawa kwa seli zilizomo kwenye dumu lako. Tangi la zoea wa kamba lita 500, nataka 80,000 za Chaetoceros, dumu lina milioni 2. Lita 20. Kwa chaza wachanga naanza na 30,000 na kupandisha polepole.

Kabla ya mlo unaofuata chota maji ya tangi uhesabu tena. Zikibaki nyingi, punguza, maana mwani uliokufa chini ya tangi ni sumu kwao. Zikiwa zimeisha kabisa, walikesha na njaa. Kifaranga cha kamba aliyeshiba huburuta uzi mrefu wa kinyesi nyuma yake. Waangalie kwa tochi kwenye bakuli jeupe. Asiye na uzi, mrudie mara moja, na usingoje saa ya mlo.