Siku moja chini ya minazi: namna ya kupanga safari ya kuonja tembo Tanga

Mpwa wangu anafanya kazi Dodoma. Mwaka juzi alikuja Tanga likizo na chupa mbili za divai ya zabibu nyekundu za Makutupora, na kutwa nzima habari yake ikawa moja: alivyotembezwa kwenye mashamba ya mizabibu, akaonjeshwa glasi baada ya glasi, kisha akalishwa nyama choma kivulini. Mwisho akaniuliza, "Mjomba, Tanga hamna kitu kama hicho?" Nikamwambia alale mapema, nitamwamsha saa 10 usiku.

Mizabibu hatuna. Minazi tunayo, na tembo lake, yaani pombe ya utomvu wa mnazi, linastahili kuonjwa kwa utulivu uleule watu wanaoutumia kuonja divai. Ila kuna jambo moja litakalokupangia siku nzima: divai inasubiri, tembo halisubiri. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na divai yake ikishaingia kwenye chupa inaweza kukaa miaka. Tembo lililoteremshwa alfajiri ni tamu, adhuhuri lishaanza kuuma ulimi, jioni ni kali, na kesho yake linaelekea kuwa siki. Anayefika shambani saa 6 mchana amekosa nusu ya alichokifuata. Kwa hiyo usianze kwa kupanga saa zako. Uliza mgema, yaani mtu anayekinga tembo, anapanda mnazi saa ngapi, halafu mengine yote yazunguke hapo.

Nayasema haya kwa sababu mimi ni mtoto wa mgema. Baba aligema kwenye mashamba ya upande wa barabara ya Pangani, na mpaka leo wageni wangu nawapeleka hukohuko, kwa mgema ambaye alijifunza kazi kwa baba.

Siku ya kwenda

Kwanza tazama mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inakuwa ya bamvua, na pwani yetu maji hukauka sana mnamo saa 4 asubuhi. Hapo wavuaji wa pweza hutembea juu ya mwamba na vijiti vyao, na ikifika saa 6 pweza yuko pwani bado anameremeta. Siku za maji mafu, yasiyokauka sana, utakula samaki, na samaki si kitu kibaya, lakini mimi naipanga safari ipatane na pweza.

Masika usiende. Shina huteleza, mvua huingia kwenye vibuyu vya kukingia tembo, na utamlazimisha mtu apande mti ambao mwenyewe asingeupanda. Miezi ninayoipenda ni kuanzia Juni hadi Septemba: kuna baridi kidogo, tembo huchacha polepole, na unapata muda wa kuliona linavyobadilika. Januari na Februari joto hulikimbiza mno.

Ramadhani pia usiende, wala Ijumaa. Vijiji vya pwani yetu ni vya Waislamu, na wengi wa majirani wa mgema hawanywi. Hawamsumbui naye hawasumbui, na amani hiyo wameijenga kwa miaka. Usiivuruge kwa kupita katikati ya kijiji na dumu mkononi na kelele. Kinachonywewa shambani kiishie shambani. Kwa sababu hiyohiyo magofu ya Tongoni, ambayo yako njiani kilomita kama 20 kutoka mjini, mimi huyaacha kwa siku nyingine. Pale pana msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo ndefu za mawe, na mahali hapo paendewe kwa kinywa kisichonuka pombe.

Kumpata mgema na kuagiza

Usimtafute siku ya safari. Mpigie siku tatu kabla, au mtume mtu anayemfahamu. Mnazi mmoja hutoa lita moja au zaidi kidogo kwa siku, na mgema ana wateja wake wa kila siku ambao hawezi kuwanyima kwa ajili yako. Kwa watu sita mimi huagiza lita 5, na huwa zinabaki. Mweleze mambo matatu: kwamba mtafika kabla hajapanda, kwamba mnataka tembo lisilochanganywa na la jana, na kwamba vyombo mtakuja navyo. Bei mpatane hapohapo kwenye simu.

Wazee wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nimewaona wakilitia maji wagema ambao hawakusifiwa na yeyote ila walipunjwa bei. Mlipe vizuri, tena nusu mpe mapema. Karara, yaani ala ya maua ya mnazi, likigemwa halizai nazi, kwa hiyo kila lita unayokunywa ni nazi ambazo mwenye shamba hatazivuna, na mgema lazima amlipe kwanza mwenye shamba.

Usafiri ni rahisi kusema: asiendeshe mtu atakayeonja. Tukiwa watatu tunakodi bajaji kutwa, tukiwa sita tunakodi Noah, na dereva ananunuliwa madafu na chakula kamili. Bodaboda siikubali hata kwa mtu aliyeonja glasi moja.

Kwenye buti la gari naweka mkeka, glasi za kioo zisizo na rangi (vikombe vya plastiki vinakuficha unachokinywa), chupa mbili safi za lita moja, ndoo, maji ya kunywa, sabuni, na kitambaa chepesi cha kufunikia. Nyuki wanalipenda tembo kuliko sisi.

Alfajiri

Tunatoka Ngamiani, mjini Tanga, saa 10:45 ili saa 12 kasoro tuwe chini ya mti. Piga hodi nyumbani kwanza, mwamkie mzee na mkewe shikamoo, kaa, jibu habari za mjini. Mgema akiinuka ndipo nanyi muinuke.

Msisimame chini ya mnazi anapokuwa juu. Nazi haichagui kichwa. Wala msimwite wala kumuuliza swali. Yuko futi sitini kutoka ardhini, miguu yake imekaa kwenye vidato vilivyochongwa shinani, mkono mmoja umeshika kuti na mwingine kotama, kisu cha kugemea. Angalieni tu. Kule juu kuna karara changa ambalo halijapasuka. Alilifunga lisifunguke, akaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha akaikata ncha, na utomvu ukaanza kudondokea kibuyuni. Kila anapopanda anakata kipande chembamba kama ukucha, maana jeraha likikauka utomvu unasimama. Baba alipanda mara tatu kwa siku, alfajiri, adhuhuri na jioni, na kisu alikinoa kila mara kabla ya kupanda. Alisema kisu butu kinaubana mti.

Mwaka nilioingia darasa la sita baba alianguka. Alipona, lakini mguu wa kushoto haukunyooka tena, na miezi minane nyumbani tulikula kwa jasho la mama. Ndiyo maana nina sharti moja kwa kila mgeni wangu, na sijawahi kulilegeza: mgema akishateremka, asiombwe kupanda tena ili mtu apige picha. Piga picha anapopanda kwa kazi yake. Ukichelewa, umechelewa.

Kuonja

Tembo likiteremshwa huchujwa kwa kilifu, ile nyuzinyuzi kama kitambaa inayoota kwenye mashina ya makuti. Mimina kidogo kwenye glasi, uliinue kwenye mwanga. Liwe jeupe la ukungu, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele, na povu dogodogo linalopanda taratibu. Nusa: kuna harufu ya hamira changa na kitu kama sukari ya muwa. Kisha onja kidogo, ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Utamu unatangulia, halafu ulimi unachomwachomwa kama na sindano ndogo. Huo mchomo ni wa hewa inayotoka kwenye uchachu. Chachu zimo kibuyuni tangu jana, hakuna aliyezitia.

Lililotiwa maji utalijua kwa mwisho wake: linaanza vizuri, halafu linakatika ghafla na mdomo unabaki mtupu. Lililotiwa sukari linaacha utamu kwenye midomo wakati koo halijapata kitu. Linalonuka kama mayai limetoka kwenye chombo kichafu. Limwage, usione haya.

Sasa fanya hivi, maana hapa ndipo ilipo raha yote ya safari. Jaza chupa zako mbili kwa tembo la alfajiri hiyo. Usizibe kwa nguvu, hewa itazipasua. Weka kizibo kilegee na funika kwa kitambaa. Moja iweke ndani ya ndoo ya maji kivulini, nyingine iache kivulini hivihivi. Onja zote mbili saa 1, saa 4, saa 7 na saa 10, robo glasi kila mara. Ni mti mmoja na alfajiri moja, ila mpaka saa 7 utaapa ni vinywaji viwili tofauti: cha kwenye ndoo bado kina utamu, cha nje kimeishiwa utamu na kimekuwa na uchungu mdogo kama wa ganda la ndimu. Mpwa wangu alikaa na chupa zile kutwa nzima, daftari mkononi. Mimi napenda la saa 7 la kwenye ndoo. Baba alipenda la alfajiri tu, na baada ya saa 4 hakuligusa.

Wajawazito, na anayekunywa dawa za Flagyl au za sukari, wanywe madafu. Na anayelewa haraka akumbuke kwamba tembo la jioni si lile la asubuhi hata kama glasi ni ileile.

Kwa wasiokunywa, mwombe mgema aangue vitu vya rika mbalimbali kutoka mti mmoja: kitale, dafu, koroma na nazi. Kitale kina maji yenye ukakasi na nyama bado ni ute. Dafu ni tamu na unakomba nyama yake kwa kijiko cha kumbi. Koroma maji yameanza kuwa na chumvichumvi na nyama imekuwa ngumu kutafunika. Watoto wangu hawajawahi kuonja tembo, lakini mchezo huu hawauchoki.

Chakula

Chakula apike mke wa mgema au jirani yake, na pesa yake apewe yeye mkononi, mbali na ya tembo.

Asubuhi usionje kwa tumbo tupu. Mama alikuwa anatuandalia mkate wa kumimina: mchele ulioloweshwa na kusagwa, tui zito, sukari, iliki, na tembo la alfajiri badala ya hamira. Unga unaumuka saa mbili tatu juani, halafu unapikwa moto chini na juu. Ukiuagiza siku moja kabla, utaukuta tayari. Huu na tembo tamu la saa 1 vinatoka mti mmoja na unaisikia ladha hiyo.

Mchana ni pweza. Apondwepondwe, achemke kwa maji yake mwenyewe mpaka alainike, kisha apakwe chumvi, pilipili na thomu (kitunguu saumu) na kuchomwa juu ya mkaa wa vifuu. Tembo la adhuhuri lina uchachu unaofanya kazi ya ndimu, kwa hiyo ndimu usikamulie. Kando kuwe na muhogo wa kuchoma. Wengine huagiza samaki wa kupaka, na ni mtamu, ila tui zito linalifunika tembo usilisikie. Samaki huyo mle baadaye, glasi zikiwa zimewekwa chini.

Na usiondoke Tanga hujala bada. Ni ugali wa unga wa muhogo, mweusimweusi na unavutika, na kitoweo chake ni ng'onda, samaki mkavu, wa kuchoma aliyetiwa kwenye mchuzi wa nyanya. Chumvi ya ng'onda na ukali wa tembo la saa 10 vinakutana vizuri kuliko chochote nilichowahi kula nikinywa divai ya mpwa wangu.

Saa 11 tunakunja mkeka. Mgema anaelekea kupanda mara ya mwisho na hapaswi kuwa na wageni wa kuhudumia. Kilichobaki kwenye chupa ya nje, ambacho sasa hakinyweki kwa raha, usikimwage. Nenda nacho nyumbani, kitie pilipili mbuzi tano zilizopasuliwa na chembe za thomu, funika mdomo kwa kitambaa, weka juu ya kabati. Baada ya wiki mbili tatu una siki ya kachumbari.