Kula Bila Gluteni Kwenye Mgahawa wa Mapishi ya Kifilipino: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma

Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki anayeishi Dodoma amekwisha kuzoea kukwepa ngano anayoiona kwa macho: chapati, maandazi, sambusa, mkate na keki ya sherehe. Siku atakapoalikwa kwenye mgahawa ambao mpishi wake anafuata mapishi ya Ufilipino, mazoea hayo hayatamtosha. Wafilipino hula wali karibu katika kila mlo, hupika kwa tui la nazi, siki, ukwaju na tangawizi, na mtu anayetazama meza yao kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba hakuna cha kuogopa. Ngano imejificha ndani ya sosi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu chupa ya sosi ya soya.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake hushambulia utando wa utumbo mdogo, na chakula kinashindwa kufyonzwa ipasavyo hata kama siku hiyo hakusikia maumivu yoyote. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni ikiwa hakizidi miligramu 20 kwa kila kilo, kiasi kidogo mno kiasi kwamba unga uliobaki kwenye kikaangio unaweza kukivuka. Kwa hiyo mhudumu anayesema kwa nia njema kabisa kwamba "imo kidogo tu" anakupa sababu ya kutokula. Msomaji ambaye anahisi tu kwamba ngano inamdhuru asiiache kabla ya kupimwa hospitalini, kwa kuwa vipimo vya siliaki huweza kutoa jibu lisilo sahihi kwa mtu aliyekwisha kuacha kula gluteni.

Kazi ya kwanza hufanyika kabla ya kufika. Piga simu mgahawani kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, wakati wateja wa mchana wamekwisha kuondoka na wa usiku hawajafika, kisha uombe kuzungumza na mpishi mwenyewe. Usianze na neno gluteni, kwa sababu wapishi wengi wazuri hawajawahi kulisikia. Taja ngano, shayiri na sosi ya soya kwa majina yake. Ikiwa umealikwa, mweleze mwenyeji wako mapema na faraghani. Kwetu mgeni anayekataa chakula mbele ya watu huonekana amemdharau aliyemwita, lakini mwenyeji aliyeambiwa siku mbili kabla atakuwa upande wako, na mara nyingi ndiye atakayempigia mpishi simu.

Sasa tuje kwenye sosi ya soya, ambayo Wafilipino huiita toyo. Kwa kawaida hutengenezwa kwa maharagwe ya soya, ngano na chumvi, na kuchachushwa kwake hakutoi uhakika kwamba gluteni imekwisha. Imo katika adobo, yaani kuku au nyama iliyopikwa kwa siki, vitunguu saumu, pilipili manga na majani ya bay (bay leaf). Imo katika tambi za kukaanga, katika mishikaki ya mtindo wa Kifilipino, na hata katika kibakuli cha kuchovyea kinachowekwa mezani pamoja na siki na pilipili. Kanuni ninayoitegemea ni kwamba chakula chochote chenye rangi ya kahawia iliyokolea nakihesabu kuwa kina sosi hiyo hadi mpishi anihakikishie vinginevyo. Sosi ya chaza ichukuliwe vivyo hivyo, na viungo vya maji vya chupa pamoja na vidonge vya supu visikubaliwe kabla ya kusoma maandishi ya kwenye pakiti.

Swali ambalo watu wengi husahau ni la kulowekwa kwa nyama. Mhudumu akikuahidi kwamba watakuwekea sahani bila sosi, anazungumzia sosi ya juu, ilhali nyama yenyewe huenda imelala kwenye sosi ya soya tangu jana usiku. Uliza waziwazi: "Samahani dada, nyama hii imelowekwa kwenye nini, na ililowekwa lini?" Ikiwa imekwisha kulowekwa, kuiosha hakusaidii; omba kipande kibichi ambacho hakijaguswa, kitiwe chumvi, ndimu na vitunguu saumu tu.

Mpishi anayeyajua mapishi hayo vizuri unaweza kumwomba adobo nyeupe, inayoitwa adobong puti, ambayo hupikwa kwa siki na chumvi bila sosi ya soya kabisa. Ni chakula chenye heshima yake katika mapishi ya Ufilipino, kwa hiyo humwombi mpishi aharibu kazi yake, na ninakipendekeza kuliko kingine chochote. Hakikisha tu kwamba siki ni ya miwa, nazi au matunda, na haikutokana na kimea cha shayiri.

Baada ya adobo nyeupe, supu ndizo zenye matumaini zaidi. Sinigang ni mchuzi mchachu wa samaki au nyama na mboga, na uchachu wake wa asili hutoka kwenye ukwaju. Mkazi wa Dodoma ana bahati hapa, kwa maana ukwaju tunao, na mpishi anaweza kuukamua mwenyewe badala ya kufungua pakiti ya unga wa viungo ambayo yaliyomo ndani yake huyajui. Tinola ni kuku wa tangawizi na papai bichi, na mara nyingi hutiwa majani ya mlonge, mti tunaoufahamu vizuri. Chumvi yake hutoka kwenye patis, maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, ambayo kwa kawaida hayana ngano lakini chupa yake isomwe. Vyakula vya tui la nazi huitwa ginataan, na hivyo pia huwa salama visipotiwa unga. Kare-kare, mchuzi mzito wa karanga, kwa asili huongezewa uzito kwa mchele uliokaangwa na kusagwa, lakini mpishi mwenye haraka anaweza kutumia unga wa ngano, kwa hiyo uliza.

Lumpia, zinazofanana na sambusa ndefu na hufungwa kwa ngozi ya ngano, ziache, na turon, ambayo ni ndizi iliyofungwa kwa ngozi hiyohiyo ya ngano, nayo iache. Kwenye tambi kuwa mwangalifu: pancit canton ni ya ngano, bihon ni ya mchele, na sotanghon hutokana na wanga wa choroko, ila hizi mbili za mwisho mara nyingi hukaangwa kwa sosi ya soya.

Mafuta ya kukaangia yanastahili swali lake. Samaki asiye na unga aliyekaangwa kwenye karai lililokaanga lumpia asubuhi hakufai tena. Wali wa vitunguu saumu, sinangag, hauna kosa lolote, lakini ukikaangwa kwenye kikaangio kilichotoka kupika tambi unabeba mabaki yake. Omba wali mweupe uliochotwa kwa mwiko safi. Ni vyema kufika mapema, kabla ya saa sita mchana, jiko likiwa bado halijachafuka.

Andika kadi ndogo na umpe mhudumu aipeleke jikoni, kwa sababu maneno hupotea njiani kati ya meza na mpishi. Inaweza kusomeka hivi: "Nina ugonjwa unaonizuia kula ngano, shayiri na rai, hata kwa kiasi kidogo sana. Siwezi kula sosi ya soya, sosi ya chaza, chenga za mkate wala chakula kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga vitu vya ngano. Naomba chombo, kisu na kijiko kilichooshwa. Kama huna uhakika, tafadhali niambie, sitakasirika." Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa, kwa kuwa mpishi anayeogopa kumkera mteja atasema ndiyo hata pale asipojua.

Mpishi akikiri kwamba hawezi, mshukuru na uagize nyama ya kuchoma yenye chumvi tu pamoja na wali au ndizi. Ugali wa mtama au uwele kwa asili hauna gluteni, lakini uliza unga ulisagwa wapi, kwa sababu mashine inayosaga pia ngano huacha mabaki yake.

Kuhusu vitamu, suman, yaani mchele unaonata uliopikwa kwenye majani ya mgomba, ni salama, kwa kuwa kunata huko hutokana na wanga wa mchele. Leche flan ni mayai, maziwa na sukari. Bibingka ni keki ya unga wa mchele, ingawa wengine huchanganya na ngano. Bia nyingi hutokana na kimea cha shayiri. Mvinyo wa zabibu za Dodoma hautokani nacho.

Sahani ikifika, rudia swali lako kwa ufupi kabla ya kugusa chochote. Ikija na biskuti au lumpia pembeni, usikubali kuiondoa tu. Omba chakula kipya, na wakati wa kungoja ibakize ile ya kwanza mezani ili isirudishwe jikoni ikafutwa na kuletwa tena.